Farasi Akataaye Kuvikwa Viatu: Inavyompasa Mhunzi Kumrudi



Leo twataka kusema nanyi habari za farasi asiyetulia anapovikwa viatu vya chuma, na jinsi inavyompasa mhunzi kumtia adabu. Huenda mmoja wenu akauliza moyoni mwake, "Sisi na farasi wapi na wapi?" Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za nchi zetu farasi haonekani, maana mbung'o na ugonjwa auletao wamemzuia. Katika vita vya mwaka 1916 farasi waliokuja na majeshi kutoka Afrika ya Kusini walikufa kwa maelfu katika nchi hizi. Walakini mahali palipo juu na penye baridi, kama vile nyanda za juu za Kenya, farasi wako, na wako vijana wetu wanaopata riziki kwa kuwatunza na kuwavika viatu. Tena punda ni ndugu yake farasi, naye punda yuko katika vijiji vingi. Hayo tutakayosema juu ya mmoja, mengi yake yamhusu na mwenzake.

Wazee husema, "Shukrani ya punda ni mateke." Methali hiyo ni onyo juu ya watu wasio na fadhila, na kwa watu yafaa sana. Lakini mtu akiichukua kuwa ndiyo elimu ya wanyama, itampoteza. Mara nyingi teke la mnyama ni jibu, na binadamu ndiye aliyetangulia kuuliza.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Ukwato wa farasi ni kama ukucha wetu. Sehemu yake ya nje haina damu wala haisikii maumivu, nayo hukua kadiri ya milimita 6 hadi 10 kila mwezi. Farasi akaaye porini huusaga ukwato wake mwenyewe kwa kutembea. Farasi atembeaye juu ya mawe na mtu yu mgongoni, ukwato wake waweza kulika upesi kuliko unavyokua, na kwa sababu hiyo huvikwa kiatu cha chuma. Baada ya wiki 6 hadi 8 kiatu hung'olewa, ukwato hukatwa na kupigwa tupa, kisha kiatu hurudishwa au hubadilishwa. Misumari hupita katika ile sehemu isiyo na hisia. Ikipigiliwa sawasawa haimwumizi mnyama. Ikipotoka kidogo tu huingia penye nyama au huibana, naye hupata maumivu makali.

Sasa tazameni jinsi kazi hiyo ilivyo. Farasi mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 500. Mhunzi huinama chini yake, ameushika mguu wa mbele katikati ya magoti yake, au ameulaza mguu wa nyuma juu ya paja lake. Mgongo wake uko wazi, na mikononi ana nyundo na misumari, wala hawezi kukimbia upesi. Farasi naye amesimamia miguu mitatu, amezuiwa na kamba, na hawezi kuona vizuri kinachotendeka nyuma yake. Huyu ni mnyama wa kukimbia. Tangu asili yake hujiokoa kwa miguu. Kwa hiyo wote wawili wana jambo la kuogopa. Mhunzi ajuaye kazi yake haisahau hofu yake mwenyewe, wala haisahau hofu ya mnyama.

Twataka kuwaeleza jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda katika shamba moja la nyanda za juu kuandika hesabu ya mifugo. Tulikuta mhunzi akimvika viatu farasi jike, mtu mzima, ambaye saisi wake alimsifu kuwa mpole. Miguu ya mbele ilikwisha bila shida. Alipoinuliwa mguu wa nyuma wa kulia, akaunyakua. Mhunzi akauinua tena juu zaidi, naye akaunyakua tena. Mara ya tatu mhunzi akakasirika, akamtukana, akampiga tumboni kwa tupa lake la chuma, si pigo moja bali mapigo mengi, hata baada ya mnyama kuweka mguu chini na kusimama akitetemeka. Saisi alikuwa ameshika kamba. Alifumbua kinywa kama mtu atakaye kusema, kisha akakifumba, maana yeye alikuwa kijana na mhunzi ni fundi mkubwa. Sisi nasi tulikuwa na daftari letu mkononi, na twakiri kwamba hatukusema neno.

Mhunzi alipouinua mguu ule mara ya nne, yule farasi alijirusha nyuma, kamba ikakatika, na mhunzi akatupwa ukutani akavunjika mkono. Kwa miezi mingi hakuweza kushika nyundo, na watoto wake walikula kwa msaada wa ndugu. Baadaye daktari wa mifugo aliitwa. Alipoupapasa mguu ule aliona kwamba kifundo cha nyuma kilikuwa na ugonjwa wa viungo, na kukikunja juu namna ile kulimwumiza sana. Mnyama alikuwa amesema kwa njia aliyoijua, mara tatu, na hakuna aliyesikiliza. Toka siku hiyo hata harufu ya moshi wa ukwato ilimfanya atoke jasho, na mtu mwingine yeyote aliyetaka kumshika mguu alipata taabu aliyoianzisha mwingine.

Basi, ndugu zetu, katika ua ule nani aliyekosa adabu?

Hatusemi kwamba farasi aachwe afanye apendavyo. Mnyama wa kilo 500 asiye na adabu ni hatari kwa mtu, na mwisho wake mwenyewe huwa mbaya, maana hakuna atakayekubali kumtunza. Tunachosema ni hiki: kumrudi mnyama si sawa na kulipiza kisasi. Neno letu la Kiswahili latufundisha vema. Kumrudi ni kumrudisha njiani. Pigo lisilomrudisha mnyama njiani halikumrudi, ila limempoteza zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la mhunzi ni kutafuta sababu. Sababu zenyewe si nyingi, na kila fundi aweza kuzishika kichwani.

Ya kwanza ni maumivu: viungo vibovu, mgongo mbaya, jipu ndani ya ukwato, au msumari uliopotoka siku zilizopita. Farasi aliyetulia miaka yote na leo anakataa, hasa kwa mguu mmoja tu, mdhanie mgonjwa kabla hujamdhania mkorofi.

Ya pili ni hofu, kwa mnyama mchanga asiyezoea, au kwa yule aliyepigwa zamani.

Ya tatu ni kosa la mhunzi mwenyewe, kama vile kuuvuta mguu nje ubavuni, kuuinua juu kupita kiasi, au kuushikilia muda mrefu hata mnyama akachoka na kupoteza mizani.

Ya nne ni mambo ya mahali: inzi wanaouma, sakafu inayoteleza, mbwa anayebweka, au mwenzake kuondolewa karibu naye.

Ya tano ni ujanja aliojifunza. Aliwahi kunyakua mguu, mtu akauachia, naye akajua kwamba akinyakua hushinda.

Angalieni kwamba katika hizo tano, ni ya mwisho tu inayoweza kuitwa utovu wa adabu, na hata hiyo ilifundishwa na mtu. Mwenye maumivu ainuliwe mguu chini chini, apumzishwe mara kwa mara, na daktari aitwe. Mwenye hofu apewe muda. Inzi wafukuzwe. Kumpiga mmoja wa hao ni kumwongezea lile lile linalomsumbua.

Na yule mjanja je? Hapa ndipo ufundi ulipo. Farasi hujifunza kwa kile kinachofuata mara moja tendo lake. Likipita hata dakika moja, hawezi tena kuunganisha adhabu na kosa. Mhunzi aliyepigwa teke, akaenda kutafuta mjeledi, akarudi na kumchapa farasi ambaye sasa amesimama kimya, amemfundisha neno moja tu, kwamba mtu huyu humpiga farasi asimamaye kimya. Kwa hiyo likiwako neno la kumrudi, liwe papo hapo, liwe fupi, kisha liishe. Neno moja kali, au mvuto mmoja wa kamba, au kumwamuru arudi nyuma hatua chache na kusimama tena, latosha. Halafu kazi iendelee kwa sauti ya kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea. Nyundo, tupa na koleo ni vyombo vya ukwato. Visiuguse mwili wa mnyama kwa hasira hata siku moja.

Lakini fundi mwema hushinda zaidi kwa thawabu kuliko kwa karipio. Na thawabu kubwa ya farasi wakati huo ni kuachiwa mguu wake. Ndiyo sababu mhunzi huangalia sana saa ya kuuachia. Akinyakua, na ikiwa si hatari, mhunzi huenda pamoja na mguu, haushindanishi nguvu wala hauachi. Mara tu unapolegea, huuweka chini polepole na kumpapasa. Mnyama hujifunza kwamba utulivu ndio umpao raha. Akifanya hivyo kwa muda mfupi mfupi, leo kidogo na kesho zaidi, yule mjanja huona kwamba ujanja wake haumpi faida tena, akauacha. Lakini mguu ukivutwa kwa nguvu za kuhatarisha maisha, mhunzi auachie na kujitenga. Kiburi cha kutoshindwa na mnyama kimewavunja mifupa mafundi wengi.

Elimu hii si mpya, wala si ulaini wa watu wa siku hizi. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Myunani mmoja wa Athens aitwaye Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu juu ya farasi. Humo alionya kwamba mtu asimkaribie farasi akiwa na hasira kamwe, kwa kuwa hasira haioni mbele na humtendesha mtu jambo la kujutia. Alieleza pia kwamba farasi aogopaye kitu akipigwa, huona maumivu yale yametoka katika kitu kile, akazidi kukiogopa. Huyu hakuwa mtu mlegevu. Aliwahi kuwaongoza maelfu ya askari kurudi kwao kupitia nchi za adui.

Tena, mwaka 1858, huko Uingereza, Mmarekani mmoja, John Solomon Rarey, alionyesha kazi yake ya kufuga farasi wakali mbele ya Malkia Victoria. Alipewa dume mmoja aitwaye Cruiser, ambaye alivishwa kifuniko cha chuma mdomoni kwa kuwa alikuwa akiwashambulia watu. Rarey aliukunja mguu mmoja wa mbele kwa ukanda, akamchosha mpaka akalala chini, kisha akakaa naye akimpapasa mwili mzima kwa upole na subira. Cruiser alitulia, na Rarey akamchukua hata kwao Marekani. Wataalamu wa leo hawaisifu njia hiyo yote, maana mnyama asiyeweza kusimama huenda akanyamaza kwa kukata tamaa, wala si kwa kuamini. Walakini katika zama zile, watu wengi walipodhani kwamba mjeledi ndio mwalimu wa farasi, alionyesha mbele ya umati wa watu kwamba hata farasi wa namna ile aweza kutulizwa pasipo kupigwa.

Wengine watauliza juu ya vyombo vya kumzuia. Kiko kijiti chenye kitanzi cha kamba, ambacho huzungushwa katika mdomo wa juu wa farasi na kukazwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uholanzi walitangaza kwamba kitanzi hicho huufanya mwili wa farasi utoe kitu cha kupunguza maumivu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba moyo wa farasi hutulia kwa dakika 5 za kwanza tu, baadaye huanza kwenda mbio. Na kwamba kumkamata sikio na kulipinda humtia fadhaa tangu mwanzo. Basi kitanzi cha mdomo si cha kazi nzima ya miguu minne, bali cha haja ya dakika chache, katika mikono ya mtu ajuaye. Sikio lisiguswe. Na kwa farasi ambaye hofu yake imepita kiasi, daktari wa mifugo aweza kumpa dawa ya kumtuliza. Hata hivyo mhunzi asijisahau, kwa maana farasi aliyepewa dawa bado aweza kupiga teke la ghafula.

Sasa twafika kwa mwenye mali. Watu wengi humwita mhunzi aje kuvika viatu, nao hutaka pia amfundishe mnyama adabu kwa saa ile moja, bila malipo. Hiyo si haki. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa farasi yafaa ashikwe miguu tangu wiki zake za kwanza. Apapaswe kutoka begani hadi chini, mguu uinuliwe kidogo na kurudishwa, ukwato ugongwe polepole kwa kiganja, mpaka aone kwamba ni jambo la kila siku. Hiyo ni kazi ya mwenyewe na saisi wake. Siku ya kuvikwa viatu, saisi asimame upande ule ule alio mhunzi, ili farasi akitaka kuruka amvute kichwa upande huo, na sehemu ya nyuma igeukie mbali na mhunzi. Tena awe na ruhusa ya kusema, "Fundi, tungoje kidogo." Kama yule kijana tuliyemtaja angekuwa na ruhusa hiyo, mkono wa mtu usingalivunjika.

Kwa upande wake mhunzi ana haki ya kukataa. Akiletewa mnyama asiyefundishwa, au mgonjwa, aweza kufunga vyombo vyake na kusema, "Mfundisheni kwanza," au "Mwiteni daktari, kisha nitarudi." Huko si kushindwa. Katika Uingereza chama cha wahunzi wa farasi mjini London kina asili ya tangu mwaka 1356, na kwa sheria ya mwaka 1975 asiyeandikishwa baada ya kufundishwa haruhusiwi kuifanya kazi hii. Fundi wa namna hiyo huona kwamba kuiacha kazi isiyo salama ni sehemu ya ufundi wake.

Twarudi kwa punda wetu. Punda wa kwetu kwa kawaida havikwi viatu, walakini ukwato wake hukua vile vile, na usipokatwa hurefuka, hupinda mbele kama ncha ya kiatu cha zamani, na humharibu mwendo. Kule Lamu, ambako punda hubeba mizigo katika vichochoro, ipo tangu mwaka 1987 hospitali ya kuwatibu bila malipo. Lakini penye hospitali na pasipo na hospitali, punda hushikwa mguu na mtu wa kijiji hicho. Wengi wetu tumeona jinsi wanavyoshikwa: vijana wanne wakimwangusha, mmoja amekalia shingo, na fimbo juu. Jaribuni njia nyingine. Mfungeni kwa fundo jepesi kufunguka, kivulini, punda mwenzake akiwa karibu. Mshikeni mguu leo bila kuukata. Kesho mshikeni tena. Siku ya tatu au ya saba, mtakata ukwato na kijana mmoja tu ameshika kamba. Mtakuwa mmeokoa fimbo, nguvu na mali yenu.

Neno la mwisho. Ninyi mliopo hapa mna madaraka, wengine juu ya kijiji, wengine juu ya darasa, wengine juu ya zizi tu. Kila mwenye madaraka hufika siku akanyakuliwa mguu mkononi, na mkono wake wa pili una tupa. Hasira hasara. Katika siku hiyo na aulize kwanza panapouma. Kisha, ikibidi kurudi, arudi kwa neno fupi, na amalize.

Kama yuko mwenye farasi au punda aliye mkaidi wa miguu, na aende nyumbani leo akampapase kifundo kwa kifundo. Huenda akaona kwamba mnyama wake amekuwa akimwambia jambo siku nyingi.